Injini Kubwa Kwenye Hilux ya Zamani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Masika yaliyopita ilivutwa kwa kamba hadi uani kwangu, Makambako, Hilux ya mwaka 1991. Ni ile LN106, fowili yenye ekseli nzima mbele. Ndani ilikuwa imefungwa injini ya 1KZ ya tabo iliyotolewa kwenye Surf. Mwenye gari alikuwa akitoka Makete na magunia tisa ya viazi. Nilipofungua silinda hedi nikaukuta ufa mwembamba kama unywele, umepita kati ya valvu mbili za silinda ya tatu. Rejeta ilikuwa ileile ya injini ya zamani. Kava la feni halikuwepo kabisa. Injini ilikuwa na miezi mitatu tangu ifungwe, na mtu huyo alikuwa amekopa ili ainunue.

Sina ugomvi na injini kubwa. Nimezifunga mwenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini na najua kwa nini watu wanazitaka. Hilux za ukoo huo zilitengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, na nyingi zilizofika kwetu zina 2L ya cc 2,446 au 3L ya cc 2,779. Zote ni dizeli zisizo na tabo. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa kule imepungua kama robo ukilinganisha na pwani, na injini inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe hupungukiwa nguvu pamoja nayo. Panda huko na mzigo, gia ya pili, mguu umekanyaga hadi chini, lori linakupita. Hamu ya injini nyingine ni ya haki.

Kinachoniudhi ni mtu kubadili injini akabakiza kila kitu kingine. Injini ndiyo inayoongeza mwendo. Kupoza, kusimama na kubeba ni kazi za vyuma vingine, navyo vilipimwa kwa injini iliyotolewa.

KABLA YA KUTOA PESA

Fanya

Kagua chesisi kwanza. Ioshe kwa maji ya presha, ipitie kwa brashi ya waya, kisha ulale chini na tochi. Tazama pale boksi la usukani linapofungwa, pale springi zinaposhika, na kila mahali palipowahi kuchomelewa. Ufa kwenye chesisi hujitangaza kwa mstari wa kutu unaochuruzika. Msokoto wa 1KZ unazidi wa 3L kwa karibu nusu yake. Ufa uliokuwa umelala miaka kumi utaamka.

Chagua injini ambayo kiwanda kilikwisha kuifunga kwenye gari la ukoo huo. 1KZ-TE, cc 2,982, ilifungwa kwenye Surf na Prado tangu 1993, na baadaye kwenye Hilux zenyewe. Maana yake giaboksi ipo, rejeta ipo, maunti zipo, na ukikwama Ludewa kuna fundi aliyewahi kuifungua.

Fikiria 5L kabla ya 1KZ. Wengi hawapendi kusikia hili. 5L ina cc 2,986, ni ndugu wa damu wa 2L na 3L, inakubali giaboksi yako na karibu kila kitu kilichoko ndani ya boneti. Haina tabo na haina kontrol boksi. Haitakupa mbio, lakini kama kazi yako ni viazi na mbao na huna pesa ya kubadili breki, rejeta na giaboksi, hiyo ndiyo injini yako. Nimeshauri hivyo watu wengi. Waliosikia siwaoni gereji ila kwa kubadili oili.

Nunua injini na kila kilichoshikana nayo. Giaboksi, transifa, wayaringi nzima isiyokatwa, kontrol boksi, alteneta, stata, feni, kava la feni, rejeta, maunti, hata paipu za maji. Ukipata nusu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa, chukua hiyo. Bei itakushtua siku moja. Kutafuta kipande kimojakimoja kutakushtua kila wiki.

Pima kompresheni kabla ya kulipa. Pima silinda zote, andika namba, linganisha. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, ondoka. Kama ni 1KZ, lipia hedi ivuliwe na ipelekwe kupimwa kwa presha ya maji. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Usifanye

Usinunue injini kwa rangi. Injini zinazopangwa sakafuni Gerezani, Dar es Salaam, huoshwa na kupakwa rangi ya fedha. Rangi haisemi kitu kuhusu ufa.

Usinunue kwa mlio pia. Injini iliyowashwa dakika mbili juu ya matairi, bila mzigo, italia vizuri hata kama hedi imepasuka. Ufa wa 1KZ hufunguka ikipata moto.

Usiibandike 1HZ kwenye Hilux kwa sababu umeiona kwenye Land Cruiser. Ile ni injini ya silinda sita, cc 4,164, ndefu na nzito. Ili iingie, ama utakata ukuta unaotenganisha injini na miguu yako, ama utasukuma rejeta mbele hadi iwe karibu na bampa. Springi za mbele zitakaa chini na usukani utakuwa mzito. Pia 1HZ nyingine zilizotoka kwenye magari ya soko la Japani ni za volti 24, na gari lako ni la volti 12. Ukiitaka 1HZ, uza Hilux, ongeza pesa, nunua Land Cruiser.

Usimalize pesa kwenye injini. Kanuni yangu ni moja: bei ya injini na giaboksi ikishafika, weka pembeni kiasi kingine kama hicho. Huna, subiri. Msimu wa viazi utarudi mwakani.

KUPOZA

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo injini zinapokufa.

1KZ ina hedi ya alumini, na dizeli yake huanza kuwaka kwenye vyumba vidogo vilivyomo ndani ya hedi yenyewe. Joto kubwa linakaa pale pale penye chuma chembamba, kati ya valvu. Ikipozwa inavyotakiwa inadumu. Nimeona zilizotembea miaka na miaka bila kufunguliwa. Ikichemsha mara moja tu, imekwisha, hata kama baada ya kupoa inawaka na kuondoka. Unaondoka na ufa.

Fanya

Funga rejeta ya gari lililotoa injini, au kubwa kuliko hiyo. Rejeta ya 2L ilipimwa kwa joto la 2L. Mafundi wanasema "itatosha, hapa kwetu ni baridi." Makambako ni baridi. Mlima wa Kitonga saa nane mchana si baridi, na ndiko unakopeleka mzigo.

Rudisha kava la feni. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ni kipande cha plastiki. Hilux ya masika ilikufa kwa kipande cha plastiki.

Funga geji ya joto iliyo mpya, yenye namba, na sensa yake. Mshale wa dashibodi ya zamani ulitengenezwa kusoma sensa ya injini ya zamani; ukiuunganisha na sensa nyingine utakudanganya. Hata mshale unaolingana na sensa yake husimama katikati kwa muda mrefu huku joto likipanda, kisha ukaruka ghafla. Ukiuona unaruka, umechelewa.

Funga na king'ora cha maji kupungua. Sensa ya joto hufanya kazi ikiwa ndani ya maji. Paipu ikipasuka na maji yote yakatoka, sensa inabaki hewani, mshale unashuka, na dereva anafurahi kwamba gari limepoa. Nimefungua injini mbili zilizouawa hivyo, na madereva wote wawili waliapa kwamba mshale ulikuwa chini. Walisema kweli.

Tumia kulanti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Badilisha paipu zote za maji na klipu zake siku unapofunga injini, zote, hata zinazoonekana nzuri. Na mfuniko wa rejeta pia: mfuniko uliolegea unashusha presha, na presha ikishuka maji yanachemka mapema. Juu mlimani yanachemka mapema zaidi.

Usifanye

Usitoe themostati. Hii nimeirudia hadi nimechoka. Fundi akikuambia "tunaitoa ili maji yapite vizuri," mnyang'anye spana. Kwenye injini hizi themostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Kwenye tambarare injini inakuwa baridi mno na inakula dizeli. Kwenye mlima, sehemu ya maji ya moto haifiki kabisa kwenye rejeta. Umetoa dawa ukadhani umetoa ugonjwa.

Usijaze maji ya kisima. Chumvi yake inakaa kwenye vitundu vya rejeta na inakula alumini.

Usiweke taa nne kubwa na bango mbele ya rejeta. Hewa haipiti kwenye bango.

Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto. Kijana wa miaka kumi na sita, utingo, alifungua akiwa ameinama juu yake. Shati lilitoka na ngozi. Subiri nusu saa. Mteja anayekuharakisha mwambie aje afungue yeye.

Usiguse skrubu ya dizeli ya pampu ili "kuipa nguvu." Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza, na joto lake linatokea kwenye hedi na kwenye tabo. Unaongeza nguvu kidogo ya wiki mbili na kuondoa miaka.

KUSIMAMA

Fanya

Piga hesabu ya breki kabla ya hesabu ya mwendo. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imekuwa mara mbili na robo. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Uzito wa viazi haujabadilika, pedi hazijabadilika, wewe umebadilika.

Fungua breki zote nne. Mbele: diski mpya au zilizosafishwa kwa kipimo, pedi mpya, kalipa zinazorudi vizuri. Nyuma: viatu vipya, silinda mpya za gurudumu. Badilisha paipu za mpira. Toa mafuta yote ya breki uweke mapya, maana ya zamani yamekunywa unyevu; yakipata moto yanachemka na pedali inazama hadi chini.

Hakikisha pampu ya kunyonya hewa ipo na inafanya kazi. Dizeli haina mvuto wa hewa unaotosha kuendesha busta ya breki, ndiyo maana Toyota waliweka pampu ndogo nyuma ya alteneta, inayolainishwa kwa oili ya injini. Ukikagua, tazama paipu mbili za oili, ya kuingia na ya kurudi, na paipu ya hewa inayokwenda kwenye busta. Kisha zima gari, kanyaga breki mara tano, shikilia pedali, washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, gari halitoki getini.

Hili nalisema kwa sababu ya alteneta. Kijana mmoja aliunguliwa alteneta ya 1KZ yake akafungiwa ya gari la petroli, ya bei nusu, isiyo na pampu. Ilichaji vizuri sana. Breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliligundua hilo kwenye kona ya mteremko, akaponea kwenye shamba la mahindi la watu.

Usifanye

Usiikate wala kuifunga kwa waya ile valvu ya breki iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Ina fimbo inayosoma gari limeshuka kiasi gani na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Ukiifunga wazi, gari likiwa tupu magurudumu ya nyuma yanakaza kwanza na gari linageuka likitazama lilikotoka. Na ukiongeza springi ili kuinua gari, fimbo inadhani gari ni tupu hata ukiwa umepakia hadi juu. Irekebishe kulingana na springi mpya.

Usishuke Kitonga kwa breki peke yake. Gia uliyotumia kupanda ndiyo ya kushukia. Injini mpya ina nguvu ya kupanda kwa gia ya nne. Hilo halikupi ruhusa ya kushuka nayo.

GIABOKSI, PROPELA NA DIFU

Fanya

Tumia giaboksi ya injini yenyewe. Kwa 1KZ ni R151F. Giaboksi ndogo ya L itafanya kazi miezi kadhaa, kisha itaanza kulia kwenye gia ya tatu, kisha itakuacha porini. Klachi vilevile: sahani, presha na beringi za 1KZ, mpya zote kwa pamoja. Kuteremsha giaboksi mara mbili kwa sababu ya beringi moja ni ujinga ambao na mimi nimelipwa kuufanya mara nyingi mno.

Pima nafasi ya sampu na ekseli ya mbele. Hapa LN106 inatofautiana na Surf. Kwenye Surf difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, haisogei. Kwenye LN106 ekseli nzima inapanda na kushuka chini ya injini. Gari likisimama uani utaona nafasi ya vidole vinne ukaridhika. Usiridhike. Chukua udongo wa mfinyanzi, finyanga donge la ukubwa wa ngumi, liweke juu ya difu. Pakia mbele, pita kwenye shimo kwa mwendo wa kazi, rudi ulitazame. Likibaki nene kuliko kidole gumba chako, sawa. Likisagika likawa chapati, siku moja difu itatoboa sampu, oili yote itamwagika, na injini itanoki kabla hujaona taa.

Pima urefu na pembe za propela upya. Giaboksi mpya haiishii mahali ile ya zamani ilipoishia. Propela ikikatwa na kuunganishwa, ipelekwe ikasawazishwe kwenye mashine. Inayotetemeka inaua sili na krosi, na krosi ikikatika mwendoni propela inachimba lami.

Usifanye

Usibadili difu ya nyuma peke yake. Injini ikishakuwa na nguvu, difu ya zamani inafanya ilie sana kwenye lami, basi mtu anatafuta nyingine yenye gia ndefu. Tafuta mbili. Difu ya meno 41 kwa 9 inataka propela izunguke mara 4.556 ili tairi lizunguke mara moja. Ya meno 41 kwa 10 inataka mara 4.1. Ukichanganya, mbele na nyuma zinavutana kila unapoweka fowili. Kwenye tope utelezi unaficha ugomvi huo. Kwenye kokoto ngumu hakuna pa kuuficha, na kinachovunjika ni transifa. Nilipokea moja iliyopasuka ganda zima, na mwenyewe akaniuliza kama ni feki. Nilimhesabia meno mbele yake.

Usiguse ganda la giaboksi kwa grainda ili likubaliane na injini isiyo yake. Injini na giaboksi vinakutana kwa pini mbili za kuelekeza. Pini zisipokaa, shafti inazunguka kwa upinde usioonekana kwa macho, na beringi inakwisha.

KUCHOMELEA, UMEME, KUNYANYUA

Fanya

Toa vichwa vyote viwili vya betri na uchomoe kontrol boksi kabla ya kuchomelea chochote. Umeme wa kuchomelea ukipita humo, umenunua kontrol boksi nyingine.

Tengeneza maunti kwa bati nene, zikae upande wa chesisi, na mshono ukimbie kwa urefu wa chesisi. Tumia raba za kiwanda. Weka mtungi wa kuzimia moto hatua tatu kutoka ulipo, siyo ofisini.

Pitisha paipu ya breki, ya dizeli na nyaya mbali na bomba la moshi la tabo. Weka bati la kuzuia joto pale zinapokaribiana. Kila waya mkubwa kutoka betri uwe na fyuzi.

Usifanye

Usichomelee wala kutoboa kingo za juu na za chini za chesisi. Hizo ndizo zinazobeba uzito. Chesisi huanza kukatika kwenye tundu.

Usikate wayaringi ya injini "ili kupunguza nyaya." Nyaya unazoziona za ziada ni sensa. 1KZ-TE iliyonyimwa sensa itawaka, itatoa moshi, itakosa nguvu, na utazunguka mafundi sita ukibadili nozeli zisizo na kosa. Kama hupendi umeme, tafuta 1KZ-T yenye pampu ya kawaida tangu mwanzo.

Usitundike injini kwenye tawi la mparachichi. Huku kwetu mparachichi uko kila ua na kila mtu anauona kama winchi. Ni mti mwepesi kukatika. Kijana niliyemfundisha kazi, akiwa tayari kwa mwajiri mwingine, alikuwa anaelekeza maunti kwa mkono tawi lilipokatika. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mkono mwepesi kuliko wote waliowahi kupita kwangu. Tumia fremu ya chuma na cheni bloku iliyopimwa, na mkono usiingie chini ya injini inayoning'inia, hata sekunde moja.

KARATASI

Fanya: dai risiti yenye namba ya injini, pamoja na nyaraka zake za kuingia nchini. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Kwa walio Kenya, ni NTSA. Mjulishe wa bima kwa maandishi.

Usifanye: usinunue injini iliyofutwa namba kwa grainda. Hakuna sababu njema ya kufuta namba. Ikitokea ni ya gari la wizi, anayekutwa nayo ni wewe. Na usidhani bima italipa ajali ya gari lenye injini ambayo kadi haiijui. Wana haki ya kuuliza, na watauliza siku ambayo huna nguvu ya kujibu.

WIKI YA KWANZA

Fanya

Endesha gari likiwa tupu, karibu na nyumbani, siku tatu au nne. Kila jioni fungua boneti: oili, maji, mafuta ya breki, klipu za paipu. Kaza bolti za maunti, za giaboksi na za propela upya baada ya safari ya kwanza. Zitakuwa zimelegea, hata kama niliyezikaza ni mimi. Badilisha mkanda wa taimingi kabla injini haijawashwa kwako, bila kumsikiliza anayekuambia bado ni mpya. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinakutana.

Weka nusu mzigo safari ya kwanza ya mlima. Soma geji kila dakika. Andika namba kwenye karatasi: mlima gani, gia gani, joto ngapi. Mwezi ujao namba ikiwa juu kwenye mlima uleule, kuna kitu kinaziba, na umekijua mapema.

Baada ya mlima, iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Tabo inazunguka kwa kasi kubwa juu ya oili. Ukiizima ghafla oili inasimama na kuungulia ndani yake.

Usifanye

Usiongeze mzigo kwa sababu nguvu imeongezeka. Ekseli na chesisi ni zilezile zilizotoka kiwandani zaidi ya miaka ishirini na tano iliyopita. Hakuna injini inayobadilisha uzito ulioruhusiwa kwa gari.

Usiendelee kuendesha geji ikipanda, hata kama umebakiza kilomita mbili. Simama. Mwenye Hilux ya masika aliniambia alikuwa anaona paa za Makambako.

Na kama gari lako liko gereji leo, injini imeshawaka, na fundi anakuambia rejeta na breki mtamalizia ukipata hela, nakuomba uliache hapohapo. Funguo zibaki kwake hadi vifaa hivyo vifungwe na ule mtihani wa pedali ufanyike mbele ya macho yako. Saa kumi na mbili asubuhi, ukishuka na mzigo kutoka Makete, watoto wanatembea kando ya barabara hiyohiyo wakienda shule.